Unga wa Mizizi Aliokunywa Baba

Baba alipogunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na dawa yake. Kulikuwa na habbasoda, asali, maji yaliyosomewa. Hizo hazikunisumbua. Iliyonitia wasiwasi ni ile aliyoileta mamkubwa, dadake marehemu mama: mkebe wa unga wa rangi ya udongo, umeandikwa Kichina kuanzia juu mpaka chini.

"Ni mizizi na magome tu," alisema. "Wachina wanatibu saratani kwa haya tangu zamani."

"Nani aliyekuuzia?"

"Mtu wa Majengo. Mbona waniuliza kama polisi?"

Baba alikuwa amesomesha Kurani maisha yake yote, katika chuo kilicho ubavuni mwa nyumba yetu ya Mji wa Kale. Hospitali walishaanza kumtia dawa za mshipani ili uvimbe upungue kabla ya kupasuliwa, naye akirudi huko hata uji haupiti. Chuo kilifungwa. Unga ule akaanza kuunywa kwa maji moto, asubuhi na jioni.

Haikupita wiki akaitisha samaki wa kupaka. Alikula mpaka akafuta sahani kwa mkate. Akashuka ngazi mwenyewe, akakaa barazani, na wapita njia wakasimama kumwamkia. "Mashallah, mwalimu amenawiri!" Mamkubwa akanitazama.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa nikimchungulia. Mashavu yalikuwa yamemjaa, uso umekuwa wa duara, uso ambao sikuwahi kumwona nao. Usingizi ulimruka, alfajiri nilimkuta akipanga misahafu iliyokwisha pangwa. Nikajiambia, mzizi gani huu wenye haraka hivi?

"Baba, uwache kwanza huo unga, tumuulize daktari."

"Wataka nirudi kulala?"

Nikaingia kwenye simu, nikasoma. Kweli kuna watafiti wanaochunguza mitishamba ya Kichina kwa saratani ya tumbo, na baadhi ya viambato vyake vimezuia seli za saratani maabarani. Lakini kila nilivyosoma niliona hakuna hata mmoja kati yao aliyeuona mkebe wetu. Nikachota unga kidogo, nikaufunga kwenye karatasi, nikampelekea daktari wake.

Hakucheka, nami nilitarajia acheke. "Utafiti huo upo," alisema. "Lakini seli kwenye kisahani si tumbo la babako. Na huu hatujui ni nini." Akaniuliza kuhusu uso, kuhusu usingizi. Kisha akasema, "Mlete leo."

Nyumbani nilimkuta baba ameinamia beseni, anatapika vitu vyeusi kama mashapo ya kahawa. Tumbo lilikuwa linavuja damu. Tulimkimbiza hospitali akalazwa, na ule unga ukapelekwa kupimwa. Majibu yalipokuja, daktari alitueleza kuwa ndani ya unga mlikuwa na vidonge vilivyosagwa, steroidi, dawa kali ya hospitali ya kutuliza uvimbe wa viungo. Ndiyo inayotia hamu ya kula na kuvimbisha uso, na ndiyo iliyomchokoza tumbo. Mizizi gani ilikuwamo, kama ilikuwamo, hawakuweza kusema.

Mamkubwa alilia palepale kwenye veranda ya wodi. "Wallahi sikujua." Nilimwamini, ingawa si kwa moyo wote. Tulikwenda naye Majengo tukakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani mmoja alisema mwenyewe amehama, mwingine akasema pale hapajawahi kuuzwa dawa.

Nilirudi kwa baba, nikamweleza yote. Alinisikiliza akitazama dirishani.

"Nilihisi," alisema. "Siku ya pili tu nilihisi si mizizi hii."

"Mbona hukusema?"

"Ungeninyang'anya. Nami nilikuwa nimepata kula, mwanangu."

Hospitali walimpa dawa ileile kwa kipimo, wakampunguzia taratibu, kwani kuikata ghafla ni hatari. Alipopata nguvu alipasuliwa, akaondolewa sehemu kubwa ya tumbo. Yuko hai. Anakula vijiko vichache, anapumzika, anaongeza. Wanafunzi wachache wamerudi, na sauti yake naisikia nikiwa jikoni.

Mamkubwa huja kila Ijumaa, na siku hizi haji na kitu. Hukaa na baba chumbani wakizungumza kwa sauti ya chini. Nikiingia na chai hubadilisha mazungumzo, nami hujiuliza kama mamkubwa naye alihisi.