Faili Mama

Chuoni kwetu Iyunga, nilikofundisha, kompyuta zilikuwa kuukuu, kwa hiyo kila mwanafunzi alifanyia kazi zake kwenye kompyuta ya kuigiza iliyofunguka ndani ya ile ya chuo. Zote zilitegemea faili moja kubwa tuliloliita faili mama. Lile lilikuwa la kusomwa tu, bila kubadilishwa. Kazi za kila mmoja ziliingia kwenye faili lake dogo, na dogo bila mama halifunguki. Dada aliyetupa faili hilo, fundi wa chuo kimoja cha Iringa, alinionya: “Kaka, hilo ukiligusa umewaua wote.”

Nililigusa. Mimi hukereka haraka, na saa ya mle ndani ilisoma majira ya Ulaya. Nikatoa kufuli la kusoma tu, nikarekebisha saa, nikarudisha kufuli. Nikajiona mjanja kuliko mafundi wote wa nyanda hizi.

Asubuhi hakuna hata mashine moja iliyofunguka. Mama alikuwa amebadilika, na mafaili madogo yote yalimkataa. Humo ndimo ilimokuwa miradi ya mwisho ya darasa zima, na wasahihishaji walikuwa wanakuja kesho yake. Nisidanganye, nilichoogopa kwanza ni kibarua changu.

Nilitoka hadi kwenye korido nikampigia yule dada.

“Umelifungua?”

“Kidogo tu.”

“Hakuna kidogo, kaka. Nakala yangu sijaigusa. Kwa mtandao haitafika leo, naituma kwenye diski na basi la saa tatu. Omba Mungu.”

Nikarudi darasani na swali la mtu mwoga: “Nani jana alizima mashine vibaya?”

Kisha akasimama mama mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, aliyekodisha majaruba yake ya mpunga kule Madibira ili aje kusoma. “Ni mimi, mwalimu. Nilichomoa waya, nilikuwa nawahi gari.”

Darasa zima likamgeukia. Nilijua fika kwamba waya wake usingeweza kudhuru faili la mtu mwingine. Nilifungua mdomo nikakohoa tu.

Mchana hakula. Alikaa kwenye ngazi peke yake, wenzake wakimpita bila salamu, nami nikimpigia kondakta kila mara. “Ndo tunatoka Nyololo, bosi, tulia.” Ningetuliaje? Kama yule dada naye aliwahi kulifungua, hata kwa bahati mbaya, ndiyo basi tena.

Diski ilifika saa kumi. Nikaweka mama wa Iringa mahali pa yule niliyemharibu, nikafunga kufuli, nikajaribu mashine ya kwanza. Ikafunguka. Zote zikafunguka, darasa likapiga vigelegele.

Yule mama wa Madibira akaja mbele, akakunja goti, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimtoka. “Nisamehe, mwalimu.”

Wote walikuwa wakitutazama.

“Usirudie tena,” nikamwambia.