Betri Iliyoanikwa Juani

Tangu masika Rwamba alionywa kila asubuhi, na kila asubuhi alilinyamazisha onyo kwa kidole kimoja.

Alikuwa karani wa kanisa moja karibu na Kianjokoma, mama wa makamo, Mama Njuki kwa waumini, aliyewahi kazini na kufagia ofisi mwenyewe kabla ya kuketi. Kompyuta ya ofisi, sanduku kubwa la rangi ya maziwa yaliyolala, ilikuwa zawadi ya marafiki wa kanisa. Haikuwa imemsumbua hata siku moja. Ndipo mvua ndefu za mwaka wa 1997 zilipoanza, nayo ikaanza kuandika kwa Kiingereza, kila ilipowashwa, kwamba betri yake iko chini, na anayetaka kuendelea abonyeze F1. Rwamba alishangaa. Mashine ilikula stima ya ukutani, betri ya nini tena? Akabonyeza F1, ikaendelea. Kesho yake akabonyeza tena. Ndivyo binadamu alivyo. Onyo lisilomuuma siku ya kwanza, siku ya kumi huwa salamu.

Na ndani ya mashine hiyo mlikuwa na kitu kisichopatikana mahali pengine popote. Mzee Ndambiri, katekista wa zamani, alitunga nyimbo za Kiembu tangu ujana wake bila kuandika hata mstari. Alizibeba kichwani. Mwaka uliotangulia, kila Alhamisi, alikuja ofisini na fimbo yake, akaketi, akaimba ubeti mmoja mmoja, naye Rwamba akapiga chapa. Kanisa lilikuwa linatimiza miaka hamsini mwezi wa Agosti, na siku hiyo waumini wangepewa nyimbo zote katika kijitabu.

Mwezi wa Juni mzee akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukafungwa. Kasisi Kithaka akamwambia Rwamba achape nyimbo upesi. Rwamba akaitikia. Utepe wa printa ulikuwa umefifia, akangoja mpya. Utepe ulipofika, akangoja karatasi. Karatasi ilipofika, akangoja nafasi.

Jumatatu ya juma la sherehe alikuta saa ya mashine imepotea kabisa, haijui asubuhi wala jioni. Hapo ndipo onyo lilipomwingia moyoni. Mtu aliyelala usingizi mrefu huamka akikimbia, na mara nyingi hukimbilia kusiko. Rwamba aliizima mashine, akafungua sanduku kwa bisibisi, akaiona betri: kitu cha mviringo, cheupe kama shilingi. Nyumbani kwake betri za redio zikichoka huanikwa juani, na jioni redio huimba tena. Alijua dawa hiyo tangu utoto. Agosti kule ni mwezi wa ukungu, lakini jua lilipochungulia aliipandisha betri juu ya bati la choo cha kanisa, akailinda isichukuliwe na kunguru, akaigeuza, akaigeuza tena. Ilipopata joto akairudisha mahali pake.

Mashine ikawaka. Ikasema kwamba leo ni siku ya kwanza ya Januari, 1980, na kwamba haioni diski yoyote. Rwamba akasoma maneno hayo mara tatu, akaizima. Mwaka wa 1980 Mzee Ndambiri hakuwa ameketi kwenye kiti kile. Hapakuwa na nyimbo.

Kasisi Kithaka aliingia, akamkuta amesimama mbele ya kioo cheusi.

"Stima imepotea tena, Mama Njuki?" akauliza. "Hii stima itatumaliza."

Uongo ulikuwa umekwisha kupikwa na kupakuliwa, alibakiwa na kuula tu. Na nani angejua?

"Stima iko, Pastor," akasema Rwamba. "Ni mimi." Akamweleza yote, kuanzia F1 ya kwanza.

Kasisi akaketi kwenye kiti cha Mzee Ndambiri. "Uliianika wapi?"

"Juu ya choo."

Kasisi akainuka kitini. "Nyimbo si zangu nikusamehe. Twende kwanza kwa mwenyewe. Halafu tuipeleke hii kitu Embu."

Mzee alikuwa ameketi karibu na moto, amefunikwa blanketi. Rwamba alipiga magoti, akamwambia kwa Kiembu kwamba nyimbo huenda zimepotea, na kwamba ni yeye aliyekosa. Mzee akamtazama, kisha akageuza uso ukutani.

"Amesikia," akasema mkewe, Cucu Tabby, bibi wa wote pale. "Sasa enda. Kulia hapa hakutarudisha kitu."

Mjini Embu walimkuta Muriuki, fundi wa kompyuta, katika duka lake nyuma ya soko. Aliwasikiliza bila kucheka, kwa shida.

"Kwa hivyo, mama, uliianika kama kahawa?"

"Ilikuwa imechoka."

"Na ulikuwa ukiigeuza, ikauke pande zote?"

"Niliigeuza mara mbili," akajibu Rwamba, maana hakuwa na la kuficha tena.

Muriuki akashindwa. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati. Kasisi alikohoa, akatazama barabarani.

"Sikia, mama," akasema fundi. "Hii haipati nguvu kwa jua. Kazi yake ni ndogo. Mashine ikizimwa, ndiyo huiwekea saa, na kuikumbusha iko na vifaa gani. Ulipoitoa, mashine ikasahau iko na diski."

"Na nyimbo?"

"Nyimbo ziko kwa diski. Diski haitegemei betri. Ngoja tuone."

Akatia betri mpya, akabonyeza hapa na pale, akaiamuru mashine itafute diski yake yenyewe, akaipa tarehe ya leo. Mashine ikanguruma, ikalia ta, ta, kama mtu anayenyoosha vidole. Majina ya nyimbo yakashuka kwenye kioo, moja chini ya jingine. Rwamba alishika ukingo wa meza. Pumzi ilimtoka polepole, kama ya mtu anayetua mtungi, halafu akaomba maji ya kunywa.

"Ilikuonya?" akauliza Muriuki.

"Tangu masika."

"Na ulisoma?"

"Nilisoma."

"Basi haina kosa, mama."

Alasiri hiyohiyo, kabla ya kuvua sweta, Rwamba alichapa nyimbo zote, akazinakili kwenye disketi mbili, moja ikaenda kukaa nyumbani kwa kasisi.

Kesho yake akapeleka karatasi kwa Mzee Ndambiri, akamsomea. Mzee alifumba macho. Wimbo wa tatu ulipoanza, mkono wake wa kushoto ukainuka, ukagonga karatasi. Rwamba akasoma tena. Mkono ukagonga tena.

"Ubeti huu unatangulia ule?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali, kwa ukali wake wa zamani.

"Sasa amerudi," akasema Cucu Tabby, akicheka kwa mara ya kwanza tangu Juni. "Ameanza kutafuta makosa. Kaa, mama, nikumiminie chai."

Rwamba hakuwahi kukosolewa akafurahi kiasi kile. Lakini alikuwa amekwisha kusimama, karatasi kifuani.

"Wacha nirekebishe kwanza, Cucu," akasema. "Chai ndiyo itangoja."