Matango ya Shangazi Veronika

Harufu ya tango likikatwa, ile harufu ya baridi kama majani yaliyokanyagwa kukiwa na umande, wengi huipenda. Mimi hunikera hadi leo. Hunirudisha kijijini kwetu Karuba, miaka ya sitini, msimu ambao shangazi yangu Veronika, dada mkubwa wa baba, alitoka Buleusa kuja kumsaidia mama aliyekuwa mjamzito. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na shangazi aliichukua methali hiyo kama amri. Aliwahi kufanya kazi jikoni kwa masista, akasikia huko kwamba tango hutuliza kiu na kulainisha choo. Ni kweli. Lakini aliongeza yake: ati husafisha damu, hufukuza minyoo, hukuza watoto. Akapanda matango mpaka yakatambaa juu ya maharagwe ya mama, nasi tukala matango asubuhi, mchana na jioni. Baba hakuwahi kumpinga dada yake. Alitafuna, akiwatazama ng'ombe mlimani kwa wivu.

Aliyeumia ni mdogo wangu Furaha, aliyeachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba ile. Shangazi alisema maharagwe ni mazito kwa tumbo la mtoto na maziwa huleta minyoo, akawa anamlisha matango yaliyopondwa na ugali kidogo wa muhogo. Miguu ya Furaha ikajaa, nywele zikageuka rangi kama ndevu za mahindi, akaacha kucheza. "Muone vile ananenepa," shangazi aliwaambia majirani. Mama alinyamaza kwa heshima, nami nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia shangazi. Hadi asubuhi moja mama alipobonyeza mguu wa Furaha, na shimo la kidole likabaki palepale.

"Dada, huyu mutoto hanenepe," alisema bila kupaza sauti. "Iko navimba. Tango iko maji tu. Maji haijenge muntu."

"Unanifundisha kulea, mimi?"

"Sikufundishe. Ninamupikia maharagi."

Akapika, akaponda, akachanganya na maziwa, akamlisha Furaha kidogo kidogo. Shangazi alihamishia kiti chake nje, akamgeuzia mgongo. Mama hakurudi nyuma. Uvimbe ulipungua polepole mno, hata nikakata tamaa, mpaka siku nilipomkuta Furaha akimfukuza kuku uani.

Siku hizi tango limejaa kila soko, na kila mtu ana hadithi ya ugonjwa ambao limeuponya. Hata mimi hulila, harufu nikiivumilia, pamoja na ganda lake, baada ya kushiba chakula. Furaha amekuwa bibi. Juzi nilimsikia akimhimiza mkwe wake amlishe mtoto matango: "Mimi nilikuwa mugonjwa sana. Matango ya shangazi njo iliniponesha." Nikamweleza upya, kwa urefu, habari ya mama na maharagwe. Alinisikiliza kwa upole hadi mwisho, kisha akamgeukia mkwe wake.

"Umusamehe dada yangu," alisema. "Amezeeka, anasahau."