Bendera Iliyotoka Dirishani

Katika mji wetu wa pwani ya Wafante hakuna aliyemshinda Araba Bentsiwa kwa kuomba. Kazi yake ilikuwa kubanika samaki, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi tangu usichana, lakini akibisha hodi ujue hakuja kuuza. Alitaka kigoda cha bibi yako, picha ya harusi ya wazazi, au kisa ambacho ukoo wenu umekificha. Historia ni ya wote, alikuwa akisema, na kwa kuwa haondoki mpaka apewe, watu walimpa. Hivyo ndivyo alivyoijaza nyumba ya kale karibu na ufuko, hadi ikafika siku ya kuifungua iwe nyumba ya kumbukumbu ya mji.

Alichokipenda kuliko vyote ni bendera ya babu yake mzaa baba, aliyekuwa mshika bendera wa Kikosi cha Kwanza. Vikosi vyetu vya vita ni viwili tangu enzi na enzi, kila mtoto anamfuata babake, na kila kikosi kina bendera za kujisifu na za kukikejeli kingine. Ile ilishonwa baada ya mapigano ya ufukweni zamani za Waingereza: mwewe mkubwa, na vifaranga wakimkimbia. Vifaranga ni Kikosi cha Pili. Ikikaa ndani ni kitambaa tu. Ikipepea barabarani bila kikosi kingine kuarifiwa, umetangaza vita, na watu wamewahi kufa kwa hilo.

Araba alilijua hilo vizuri, ndiyo maana aliitundika ndani, kando ya dirisha. Lakini asubuhi ile chumba kilinuka naftalini, na wageni walikuwa njiani. Akafungua dirisha, akaenda uani kutazama chakula. Upepo wa bahari ukang'oa misumari ya chini, ukamtoa mwewe nje, ukampeperusha juu ya barabara iendayo kwa Kikosi cha Pili.

Kengele ya chuma ya Kikosi cha Pili, ile ya kuitana vitani, ndiyo iliyomwambia. Alikimbia akaivuta bendera ndani, lakini waliopaswa kutoiona walikwisha kuiona.

Watu wa Kikosi cha Pili walikuja wamefunga vitambaa vyekundu vichwani, wengine wameshika makasia, na si kwa kwenda kuvua. Mbele alisimama Otuwa, Supi wao, yaani mkuu wa kikosi, mzee mkavu ambaye kila wiki hununua samaki kwa Araba. Leo hakumsalimu. Upande wa pili wa nyumba Kikosi cha Kwanza nacho kilikwisha kujipanga, kikiongozwa na Amissah, baba mdogo wa Araba, mtu ambaye mdomo wake hauna breki.

Araba alieleza habari ya naftalini na dirisha. Mtu mmoja akacheka kwa dharau. Supi akasema bendera itolewe ichomwe mbele yao, la sivyo wataichoma pamoja na nyumba. Amissah akauliza tangu lini vifaranga wameota meno, na makasia yakainuka.

“Nyamaza, Baba mdogo,” Araba akasema. Hakuwahi kumwambia hivyo maishani.

Akavua ndara, akasimama miguu mitupu mbele ya Supi kama asimamavyo mkosaji. “Supi, kosa ni langu. Kichwa changu hiki hapa. Ila ukiichoma hii, wajukuu watajua nini kuhusu siku ile?”

“Watajua sisi ni vifaranga, siyo? Kutwa unatuimbia kwamba historia ni ya wote, mbona ukutani kwako mnasema nyinyi tu?”

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Kikosi cha Pili nacho kilishona bendera ya kujibu, na mjini tuliizungumzia kwa kunong'ona: babu yake Araba anatoka mbio, nguo imemdondoka, makalio wazi, bendera ameitupa mchangani. Araba, aliyeomba kila kitu kwa kila mtu, hiyo hakuwahi kuiomba.

“Ilete,” akasema. “Nitaitundika mwenyewe, itazamane na ya kwetu.”

“Araba,” Amissah akasema, taratibu safari hii. “Ukimvua nguo baba yangu mbele ya watu hawa, siku nikifa usinivalie nyekundu ya msiba.”

Supi hakutuma mtu. Aliifungua bendera hiyo kiunoni mwake. Alikuwa amekuja nayo ili aipeperushe juu ya moto wa ile ya mwewe. Araba akaipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga dirisha kwanza, kisha akapanda kigodani. Akaipigilia ukutani, mkabala na mwewe. Kikosi cha Pili kikaingia nyuma yake na makasia yao.

“Waambie ni nani,” Supi akasema.

Araba alishuka, akaitazama picha ile kwa mara ya kwanza. Aliona aibu, na hakuificha.

“Ni babu yangu,” akasema. “Alikimbia. Ndiyo maana mimi nikazaliwa.”

Supi akaegemeza kasia lake ukutani, chini ya mwewe, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Baadaye wageni walidhani makasia nayo ni ya maonyesho.

Amissah hakuingia. Mpaka leo huzunguka barabara ya juu ili asipite mbele ya nyumba ile. Kila Jumamosi Araba humpelekea samaki, na kila Jumamosi samaki hurudi.