Wakulima niliowahoji Madibira waliponikana mbele ya paneli ya PhD

Wakuu, heshima kwenu wote.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Anayetaka kucheka acheke, nitaungana naye nikishapona.

Naishi Uyole, kazi yangu ni utafiti wa kilimo, na PhD nasomea chuo kimoja Iringa. Nilichunguza kikundi cha wakulima wa mpunga upande wa Madibira: nani hasa analima shamba, mwenye jina kwenye daftari la kikundi au aliyekodi kwake?

Kanuni za kikundi hicho zinakataza kukodisha. Ukibainika, eneo linachukuliwa. Lakini mume anaumwa, ada inadaiwa, mtu atafanyaje? Anakodisha kimyakimya.

Zamani ukimaliza kukusanya data unamwonyesha supervisor, anaitikia kwa kichwa, unaenda kuandika thesis. Ikaja miongozo mipya ya kitaifa ya masomo ya PhD na uadilifu wa utafiti. Mimi nilishangilia, nisiwafiche. Kuna watu tunawajua, data walizipikia sebuleni na leo tunawaita Daktari.

Chuoni kwetu utaratibu ukawa hivi: kabla thesis haijaenda kwa watahini, paneli inachagua baadhi ya watu uliowahoji, inawafuata na kuwauliza kama kweli ulifika. Wewe huruhusiwi kuwasiliana nao mpaka kazi iishe. Ukithubutu, umevuruga ushahidi. Ikionekana umepika data, unafutwa na mwajiri wako anaandikiwa.

Nikasema waende tu, mimi nina wasiwasi gani?

Wakaenda.

Supervisor akanipigia, sauti imepoa kama ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Akasema paneli imerudi, na wakulima wote waliowafuata wamesema hawajawahi kuniona.

Wote!

Jamani, msimu mzima wa mavuno nilikuwa kwao. Nimekula kwao, nimeanika nao mpunga. Mama Tuma, aliyenipa chumba nyumbani kwake, naye amenikana.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuogopa simu. Asubuhi za Uyole mnazijua zilivyo na baridi, mimi nilikuwa natoka jasho. Ajira yangu inategemea hiyo PhD. Nikifutwa, kazi nayo kwaheri, na nani atanipokea tena nikiwa na doa la kupika data?

Mume wangu akasema mpigie huyo Mama Tuma, nani atajua? Nilishika simu mara nyingi tu, namba naiona hiyo hapo. Nikawa najiuliza, na kama ni mtego? Nikaishia kumkabidhi mume simu aende nayo kazini.

(Msinishangae. Hofu ina akili zake.)

Nikaitwa Iringa kujieleza. Basi liliposimama Nyololo watu wakashuka kunyoosha miguu, mimi nikabaki kwenye kiti napitia utetezi wangu. Nikafika kwenye maneno niliyokuwa nawasomea wakulima kabla ya kuwahoji: mazungumzo haya ni siri, hakuna atakayejua kwamba tumezungumza.

Niliyasoma kila nyumba, kwa madaha, kama nasoma somo kanisani. Na Mama Tuma alinijibu, namkumbuka kabisa, "Basi mwanangu, na sisi hatutasema."

Kumbe wale watu walikuwa wanatunza siri! Linakuja gari la wageni na mafaili, linauliza kama kuna mtu alipita kuuliza habari za mashamba. Wewe ungejibuje?

Nimeshajua sababu, sawa, lakini naithibitishaje?

Mwenyekiti wa paneli alikuwa mama wa makamo, mpole kwa namna ya kutisha. Nikaeleza yote. Mjumbe mmoja akasema kila aliyekamatwa huja na hadithi tamu. Akataka nikabidhi sauti nilizorekodi, ziingie kwenye faili, mambo yaishe.

Sauti ninazo. Lakini humo ndani Mama Tuma anamtaja aliyekodi shamba lake, na kwa nini alilikodisha. Faili lile litapita mikono ya nani, nani anajua?

Nikasema siwezi. Mdomo unakataa, moyo unaniambia mjinga wewe, umejimaliza.

Mwenyekiti akachukua simu ya ofisi, akampigia Mama Tuma, akaweka spika. Mimi nikaamriwa nisifungue mdomo.

Akajitambulisha, akanitaja jina, akasema mwenyewe nipo na nimeruhusu aseme. Ananifahamu?

"Simfahamu."

Akarudia kuuliza, polepole. Jibu likawa lilelile. Yule mjumbe akaanza kukusanya makaratasi yake. Nikaona maisha yangu yanaondoka nayo.

Mwenyekiti alikuwa anashukuru ili akate, ndipo sauti ikasema tena:

"Mimi simjui. Lakini msimfunge, mtoto wake bado ananyonya."

Yule mjumbe akarudisha makaratasi mezani. Hakuna aliyekuwa ametaja mtoto. Mtoto mwenyewe sasa anafukuza kuku, lakini wakati wa utafiti Mama Tuma ndiye aliyekuwa akimbeba mimi nikiwa mashambani.

Mwenyekiti akasema hakuna anayefungwa, akanisogezea simu. Nililia, wakuu, sikuweza hata kusalimia. Akanijua kwa kilio.

"Mwanangu, niseme?"

"Sema, mama."

Mwenyekiti akamuuliza kama nililala kwake na kama nilimhoji. Akakiri. Ya shamba hakuyagusa, na simu ikakatwa.

Paneli itarudi Madibira, safari hii nikiwa nao, niwaambie watu wangu wanaruhusiwa kusema kwamba nilifika. Hayo tu, mengine yabaki yao. Thesis bado imeshikiliwa, na simu ikiita bado nashtuka.

Funzo langu: miongozo siilaumu, wapishi wa data wabanwe. Ila ukimwahidi mtu siri, mweleze pia siku akija mkaguzi afanye nini. Mwenzio anaweza kuitunza ahadi yako kuliko wewe.

Mlioshakaguliwa, watu wenu mliwaandaaje bila kuonekana mmewafundisha majibu? Niambieni, naogopa kweli.