Rais wa Mbali na Harusi Yangu

Niliwahi kuamini kabisa kwamba rais yeyote akitangaza maombolezo, dunia nzima hairuhusiwi kupiga ngoma mpaka yeye anyoe nywele na kuanua matanga. Aliniambia hivyo dereva wa bodaboda pale Mpanda mjini, wiki ile mtu mwenye bunduki alipoua watu sokoni katika nchi ya mbali. Redioni tulimsikia rais wao akilia, na mimi mwenyewe machozi yangu yalijaza ndoo mbili.

Shida ni kwamba Jumamosi ilikuwa harusi yangu. Nikakimbia hadi Kabungu kumwomba mama mkwe tuahirishe.

"Mama, rais bado hajanyoa. Nimeangalia picha zake zote kwenye simu."

Alikuwa anapepeta mchele wa harusi. Alicheka hadi ungo ukamponyoka. "Wewe baba, na masomo yako yote ya jioni! Sema tu umeogopa kuoa."

"Siogopi, mama. Naheshimu msiba."

Hapo akaacha kucheka. "Wafiwa tutawaombea kanisani. Lakini rais wao hana amri juu ya harusi ya Kabungu. Jumamosi unaoa."