Nchi Ambamo Wanawake Wanakula Senene

Baba yangu, mwalimu wa shule ya misheni kule Izimbya enzi za Mwingereza, aliandika hadithi moja tu maishani mwake, nayo ilikuwa ya kutuonya. Mtu analala shambani, anaamka baada ya miaka mia na kukuta nchi ya Wahaya imeharibika. Kuanzia Bukoba mpaka Muleba wanaume wanamenya ndizi, huku wanawake wamekaa barazani wanasoma magazeti na kula senene.

Asiyetoka kwetu aelewe: wakati ule mwanamke aliwakamata senene, wale panzi wa msimu, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akampelekea mumewe. Kuwala, hapana. Ulikuwa mwiko, na nilivyoona mimi, aliyeutunga alikuwa mwanamume mwenye njaa.

Mwandiko wa Baba ulikuwa kama kuku amepita, kwa hiyo mimi ndiye niliyenakili hadithi ili ipelekwe kwenye gazeti la misheni. Nilinakili kwa hasira. Barua ya kunipa nafasi katika shule ya bweni ya wasichana ilikuwa imelala ndani ya Biblia yake wiki mbili bila kujibiwa, na sasa nilijua sababu. Katika ukurasa wa pili, maangamizi yote yalianza na msichana mmoja aliyepelekwa shule.

Mama hakujua Kiswahili vizuri, basi Baba akaniagiza nimsomee kwa Kihaya. Mama alisikiliza huku akinyonyoa senene.

"Ndizi wanamenya wanaume?"

"Ndiyo."

"Na kuni?"

"Wanaume."

Akafikiri kidogo. "Muulize baba yako, huko tunahamia lini?"

Baba alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Alieleza kwamba hiyo ni nchi iliyooza, si ya kuhamia. Mama akasema ameelewa, ila nirudie pale pa kuni. Jirani aliyekuja kuomba moto akasimama mlangoni, akataka naye asomewe tangu mwanzo. Kabla ya jua kuzama wanawake watano walikuwa wamesikia maangamizi ya taifa, na wote walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama ile Biblia, na roho iliniuma.

Wageni walipoondoka, Baba alichukua karatasi zake, akazisoma peke yake, akazikunja. Hazikufika gazetini. Mama akamletea sahani ya senene. Akala wawili, watatu, kisha akanisogezea sahani.

"Onja."

Nilimtazama Mama. Mama akatazama paa. Nikala mmoja, na wa pili nikamuwahi kabla Baba hajabadili nia.

"Wakoje?"

"Watamu, Tata."

Alishusha pumzi, akaitoa ile barua ndani ya Biblia, akanipa pamoja na kalamu, maana mwenye mwandiko nilikuwa mimi.

"Wajibu kwamba utakwenda," alisema. "Nchi imeshaharibika."

"Basi kuni ziko nje," alisema Mama.